Tahadhari ya Kuingia Ndani ya Matangi na Mashimo Viwandani

Waajiri, wasimamizi, mafundi na wafanyakazi wote wa viwandani, Unguja na Pemba, wanakumbushwa kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, imemtwika mwajiri dhamana ya kulinda maisha ya anayemtuma kazini. Somo hili linahusu jambo moja tu: kuingia ndani ya tangi, boila au shimo la maji machafu kwa kusafisha au kutengeneza. Limechaguliwa kwa kuwa maafa yake aghalabu hayamchukui mtu mmoja.

Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, mahali hapo huhesabiwa kuwa pa hatari. Ikipungua hata kufikia chini ya asilimia 10, mtu huzimia asiwahi kupiga kelele. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu hupungukiwa na oksijeni kwa sababu kutu huila. Ama katika mashimo yenye taka zinazooza, huzalika gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hii ina hila. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imekwisha kuondoka.

Hapo ndipo msiba unapoongezeka. Wa kwanza huanguka. Mwenzake aliye juu humwona amelala, hudhani ameteleza, naye hushuka kumwinua. Wa tatu huwafuata wote wawili. Haifai kuwaita watu hawa wajinga, kwani kilichowashusha ni huruma. Lakini huruma isiyo na kamba wala chombo cha kupumulia huongeza maiti tu.

Wazee wetu waliteremsha kandili kisimani kabla ya kushuka, na ikizimika hawakushuka. Ilikuwa busara kwa zama zao. Hata hivyo, moto wa kandili hautambui gesi ya sumu, na katika tangi lililowahi kutiwa mafuta huweza kuleta mripuko. Kadhalika, pampu ya petroli isiteremshwe shimoni, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Kwa hiyo, mtu asiingie bila ya kibali cha maandishi kilichotiwa saini na msimamizi siku ile ile. Mabomba yanayoleta mvuke au kemikali yafungwe, umeme ukatwe, kufuli litiwe, na ufunguo ukae na yule anayeingia. Hewa ipulizwe ndani kwa feni, kisha ipimwe kwa kipimo cha gesi juu, kati na chini, maana baadhi ya gesi ni nzito na hutulia chini. Anayeingia avae mkanda wenye kamba, na mlinzi abaki mlangoni wakati wote. Mlinzi huyo haingii kwa hali yoyote. Kazi yake ni kuvuta kamba na kuita msaada.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa na ya karibu asiadhibiwe. Msimamizi asiyekuwa na kipimo cha gesi aiahirishe kazi mpaka akipate.