Ahadi zipo, mabati hayapo

*Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu hapa Katesh. Paa linavuja. Waumini waliahidi, hawalipi. Wengine sasa wanakwepa ibada. Tufanyeje?*

Ndugu mweka hazina, wanaokwepa wengi wanaona aibu tu. Tangu maporomoko ya matope ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, wapo ambao bado wanajijenga upya. Acheni kusoma majina ya wadaiwa kanisani. Fundi apime paa, kisha tangazeni bei ya bati moja, ili mtu atoe bati, nusu bati au siku ya kazi. Baada ya mavuno pokeeni mahindi, maharage, hata mbuzi wa kunadi. Kila mchango uandikiwe stakabadhi. Boriti zikiwa zimeoza, msingoje: ibada ihamie nje, mwombe msaada jimboni.