Unastaafu? Ijaribu nchi kavu kabla ya kuihamia

Ukipita Buruburu, Jericho, Umoja au Kariobangi Kusini, hutakosa kumsikia mtu aliyekaribia kustaafu akizungumza juu ya ploti. Pengine ameinunua Isinya, au Kamulu, au Kibwezi. Pengine alichukuliwa na wauzaji wa ardhi Jumamosi moja, akaonyeshwa vigingi, akapewa soda, kisha akarudishwa mjini kabla ya jua kutua. Tangu mwaka 2009 watumishi wengi wa serikali nchini Kenya hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60. Wanapofikia umri huo, wengi hutamani kuondoka penye moshi, kelele za matatu na kodi ya kila mwezi, waende penye hewa safi na nafasi ya kufuga kuku.

Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, wanunuzi wengi hukagua hatimiliki wakasahau kukagua mwili. Shamba laweza kuwa na hati safi kabisa na bado likawa mahali pabaya kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari au magoti yanayouma. Katika somo la leo tutaeleza jinsi ya kuichunguza nchi kavu kwa jicho la afya kabla ya kuihamia. Shauri letu kubwa ni moja: usihame kwa kutazama, hama baada ya kukaa.

NCHI KAVU IKO KARIBU

Karibu asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Si lazima ufike Turkana au Marsabit ili uione. Kajiado, Makueni, Kitui na sehemu kubwa ya Machakos zote zina maeneo makavu, na ndiko wakazi wengi wa Eastlands wanakopata ardhi ya bei wanayoiweza.

Tamaa ya wazee kuhamia penye jua haiko kwetu tu. Huko Marekani, mji wa Sun City ulifunguliwa katika jangwa la Arizona mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu. Ulikuwa na nyumba nzuri, viwanja vya gofu na mabwawa ya kuogelea, lakini hospitali yake kubwa ilifunguliwa mwaka 1970, miaka kumi baadaye. Ikiwa mji uliopangwa kwa ajili ya wazee ulingoja hospitali muda wote huo, ploti iliyo katikati ya miiba isiyo na hata zahanati karibu yahitaji kuulizwa maswali mengi zaidi.

MAJI: ULIZA KIASI, KISHA UBORA

Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu huhitaji kama lita 50 za maji kwa siku ili anywe, apike, aoge na kufua bila taabu. Mzee na mkewe basi wahitaji lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Kila mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20. Jiulize ni nani atakayeubeba utakapokuwa na miaka 70 na mgongo unauma. Ikiwa ni punda au mkokoteni, uliza bei ya mtungi mwezi wa Septemba wakati visima vimekauka. Usiridhike na bei ya Mei baada ya mvua.

Baada ya kiasi, uliza ubora. Maji mengi ya visima virefu katika sehemu za Kajiado, Bonde la Ufa na hata Nairobi kwenyewe yana madini ya floraidi kupita kiasi. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na isizidi. Floraidi ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya rangi ya kahawia. Meno ya mtoto hudhurika yanapokuwa yakijengeka ndani ya ufizi, hasa kabla hajafikia miaka minane, kwa hiyo wafikirie wajukuu watakaokuja kuishi nawe. Mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo vyake vyaweza kukakamaa na kuuma.

Yafaa ieleweke kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi iliyobaki huzidi ukali. Dawa yake ni kuyachuja kwa vichujio maalumu, kama vile vya mkaa wa mifupa, au kuvuna maji ya mvua kwa mabati na tangi. Aidha, maji yenye ladha ya chumvi si mema kwa mwenye shinikizo la damu. Jaza chupa safi kutoka kisima utakachokitegemea, uipeleke kwenye maabara inayotambuliwa kabla hujalipa hata malipo ya kwanza ya ploti.

JOTO NA DAWA ZAKO

Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili wako umezoea ubaridi wake. Makindu na Kibwezi ziko chini zaidi, na mchana wa Februari joto hupita nyuzi 30. Kijana hulistahimili. Mzee huwa na shida ya namna mbili. Kwanza, kadiri umri unavyosonga mtu husikia kiu kidogo hata wakati mwili umepungukiwa na maji. Pili, baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu akojoe sana, na jasho likiongezeka juu yake, maji na chumvi za mwili hupungua haraka. Dalili zake ni kizunguzungu anaposimama, mkojo mdogo wenye rangi nzito, uchovu na kuchanganyikiwa. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Mweleze daktari wako kwamba unahamia penye joto ili aone kama kipimo kinahitaji kubadilishwa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini ana swali jingine: ataihifadhi wapi? Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Pasipo na umeme, wengine hutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa maji katikati. Chombo hicho hufanya kazi vizuri penye hewa kavu, lakini hakiufikii ubaridi wa friji. Muulize mfamasia ni siku ngapi aina yako ya insulini yaweza kukaa humo bila kuharibika.

Wapo pia wanaohama kwa kuamini kwamba jua litawaponya baridi yabisi au pumu. Ukweli ni kwamba joto hutuliza maumivu ya viungo kwa wengi lakini haliponyi ugonjwa. Mwenye pumu huenda akapata nafuu kwa kuuacha moshi wa mjini, kisha akashikwa na vumbi la kiangazi. Hilo halijulikani mpaka ukae huko.

MWENDO WA KUFIKA HOSPITALINI

Mkazi wa Umoja au Komarock akizidiwa usiku, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Majirani watagonga mlango, na gari litapatikana stejini. Huko uendako hali ni nyingine. Chukua mfano wa kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika ubongo hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo kwa mashine maalumu. Usiulize tu, "Kuna hospitali hapa?" Uliza ni ipi, ina mashine gani, daktari huwapo usiku, na safari huchukua muda gani.

Kumbuka kwamba vituo vya afya nchini vimepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ngazi ya 3, na hospitali huanzia ngazi ya 4. Zahanati yaweza kukupima shinikizo na kukupa vidonge, lakini haiwezi kukufanyia upasuaji. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki asihame kabisa kabla ya kuhakikisha kwamba huduma hiyo iko karibu na ina nafasi. Hakikisha pia kwamba kituo utakachokitegemea kinawahudumia wanachama wa SHA, mamlaka iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, na kwamba mchango wako umelipwa.

Pima mwendo huo wakati wa mvua pia. Sehemu nyingi za Isinya, Kitengela na Kamulu zina udongo mweusi wa kunata. Barabara iliyo laini kama meza mwezi wa Februari hugeuka matope mwezi wa Novemba, gari likakwama umbali wa kilomita mbili tu kutoka kwenye lami. Mgonjwa aliye ndani ya gari hilo hawezi kungoja lianikwe na jua.

MBU, USUBI NA NYOKA

Kwa sababu ya ubaridi wake, Nairobi haina malaria nyingi. Mtu aliyeishi Eastlands miaka 30 amepoteza kinga aliyokuwa nayo utotoni kijijini. Katika nchi kavu malaria huja kwa msimu, hasa baada ya mvua. Kwa hiyo tumia chandarua, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Katika sehemu kama Kitui, Baringo na Turkana kuna pia kalazaa, ugonjwa unaoletwa na usubi, wadudu wadogo wanaojificha kwenye nyufa za vichuguu. Dalili zake ni homa isiyokwisha, kukonda, na tumbo kuvimba upande wa kushoto kwa sababu ya wengu. Usijenge karibu na kichuguu.

Kuhusu nyoka, uliza hospitali ipi ina dawa ya sumu yao. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba kwa nguvu, wala sumu isinyonywe kwa mdomo. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, naye apelekwe hospitalini mara moja.

UPWEKE NAO NI UGONJWA

Katika estate, mzee huamkiwa na watu kumi kabla hajafika kwa muuza magazeti. Katika ploti ya ekari moja yaweza kupita siku mbili bila kuongea na mtu. Upweke huharibu usingizi, hupandisha shinikizo la damu na huleta huzuni nzito. Uliza kanisa au msikiti uko wapi, jirani wa karibu ni nani, na mnasikilizana kwa lugha gani. Swali gumu kuliko yote ni hili: mmoja wenu akitangulia mbele ya haki, je, aliyebaki ataweza kuishi hapo peke yake? Mama asiyeendesha gari na asiyeijua lugha ya majirani ana haki ya kulisikia swali hilo likijibiwa kabla nyumba haijajengwa. Kwa hiyo safari ya uchunguzi ifanywe na wote wawili.

ZOEZI: MAJARIBIO YA MARA MBILI

Kabla ya kujenga, kodi chumba katika soko lililo karibu na ploti yako. Kaa majuma mawili wakati wa kiangazi, Februari au Septemba, kisha majuma mawili mengine wakati wa mvua, Aprili au Novemba. Beba dawa zako zote. Katika daftari andika haya kila siku:

1. Shinikizo la damu au sukari, kama una mojawapo ya maradhi hayo.
2. Idadi ya mitungi ya maji mliyotumia na bei yake.
3. Saa za usingizi, na kama mlikohoa au kuumwa viungo.
4. Watu mliozungumza nao.

Mara moja katika kila safari, fanya mwendo wa kwenda hospitalini baada ya giza kuingia, ukitumia saa. Tafuta pia dawa zako katika famasia ya huko uone kama zipo zote na kwa bei gani. Mwishoni mwonyeshe daktari wako daftari hilo. Wakati wa majaribio usiuze nyumba ya mjini wala usirudishe funguo za ile ya kukodi.

Wengine watamaliza zoezi hili na kuhama kwa furaha, shinikizo likiwa limeshuka na usingizi umerudi. Wengine wataamua kufanya ploti kuwa shamba la kutembelea, au kujenga karibu na mji wenye hospitali kama Kajiado, Makindu au Kitui. Majuma manne ya kodi ni gharama ndogo ukilinganisha na kiinua mgongo cha maisha yote. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hasa ikiwa mbuzi mwenyewe ndiye utakayeishi naye uzeeni.