SOMO LA BIOLOJIA: BUIBUI ALIYEJULIKANA KWANZA AKIWA MFU



Ile siku ya salongo, mdogo mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, fagio mkononi: «Mkubwa, tunasomea nini wanyama wa zamani? Si walikwisha kufa wote?» Sikuwa na jibu. Leo namjibu.

1. Mfu. Kando ya Bahari ya Baltiki, kule Ulaya, watu wanaokota kaharabu. Ni utomvu wa miti uliokauka zamani sana ukawa kama jiwe, na mara ingine mdudu mzima yuko ndani. Mwaka 1854, kitabu cha Koch na Berendt kilieleza buibui wa ajabu aliyenaswa humo zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita: kichwa kimeinuka kama chenye shingo, taya ndefu sana. Jenasi yake waliiita Archaea.

2. Mzima. Kisha miaka 27, katika 1881, mchungaji Mwingereza, O. Pickard-Cambridge, alieleza buibui wa namna ileile. Huyu hakutoka katika jiwe, alitoka Madagaska! Kumbe ukoo haukukwisha. Wengine wako Afrika ya Kusini na Australia. Zamani wataalamu waliweka wafu na wazima pamoja katika Archaea. Leo wazima wana jenasi zao, lakini ukoo ni mmoja.

3. Shingo ya nini? Buibui huyu anakula buibui wenzake. Akisha kumchoma mwenzake, anamning'iniza mbali kwenye ncha ya taya, kusudi sumu ya yule isimfikie. Ni mdogo, milimeta chache tu.

4. Jibu. Leo ukoo huu unaishi kusini tu. Bila yule wa kaharabu, nani angejua kwamba ulikaa hata Ulaya? Mfu anatuonyesha njia ya wazima. Na kazi haijakwisha: mwaka 2018 Wood na Scharff walieleza aina 18 mpya za Madagaska. Lakini wanakaa msituni, na misitu ile inakatwa. Aliyepita mamilioni ya miaka anaweza kumalizwa na panga na moto.

Basi, mdogo wangu, fagia bweni vizuri. Ila mbele ya kuponda buibui, mwangalie kwanza.

Maulizo: Kaharabu ni nini? Taya ndefu zinamsaidia buibui huyu namna gani?