Kuijua Unguja kwa Fedha Kidogo

Swali: Je, mgeni mwenye fedha chache anaweza kuujua utamaduni wa Unguja?

Jibu: Anaweza, tena uchache huo humsogeza karibu na wenyeji, kwa kuwa daladala, yaani gari la abiria la nauli nafuu, humfikisha hadi Makunduchi, ambako kila Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi ambamo wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto na wageni hukaribishwa kula. Mjini, bakuli la urojo, mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, uliojaa bajia, kachori na viazi, hutosha kuwa mlo. Mgeni asitiri mabega na magoti, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha.