Fenitoini: Kupima Kiwango Chake Kwenye Damu

Fenitoini ni dawa ya kifafa isiyo ghali, lakini ina ukorofi wake. Ini likifika kikomo cha kuivunja, nyongeza ya miligramu 25 au 50 tu hupandisha kiwango chake kwenye damu kupita matarajio. Kuongeza kidonge kizima kwa kukisia ni hatari.

1. Kabla ya kupanda matatu kutoka Endebess au Sirisia, piga simu hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma. Kipimo kinafanyika hapo, au sampuli hutumwa Eldoret au Nairobi? Ni pesa ngapi, na majibu lini?

2. Kama dozi imebadilishwa, ngoja wiki mbili hivi ndipo upimwe. Dalili za sumu hazingojewi.

3. Siku ya kipimo usimeze dozi ya asubuhi. Ibebe, umeze damu ikishatolewa. Hapa ndipo kipimo huharibika: mgonjwa mwaminifu humeza alfajiri kabla ya safari, na hakuna anayemuuliza. Andika kwenye daftari la kliniki saa ya dozi ya mwisho, saa ya kutolewa damu na dozi ulizoruka. Usifiche, daktari asiyejua ataongeza dawa usiyoihitaji.

4. Majibu yakija, tazama kizio kabla ya namba. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita, sawa na maikromoli 40 hadi 80. Basi 60 kwa maikromoli ni salama. Kwa miligramu ni sumu. Mwenye albumini kidogo (protini ya damu inayobeba dawa), kwa utapiamlo au ujauzito, huonyesha namba ndogo ilhali dawa inamtosha. Na asiyeanguka tena akiwa na miligramu 8, kwa nini aongezewe?

5. Macho yakichezacheza, ulimi ukiwa mzito na miguu ikiyumba, jirani atadhani ni busaa. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Vipele vyenye homa au vidonda mdomoni ni dharura. Ila usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako: kifafa kinaweza kurudi mfululizo.

6. Taja dawa zako zote. Isoniazidi ya kifua kikuu hupandisha fenitoini, rifampisini huishusha. Fenitoini nayo hupunguza nguvu ya dolutegraviri, hivyo dozi ya ARV huenda ikahitaji kurekebishwa, na hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu au koili hutegemewa zaidi.