MOTOKAA YA KWANZA: KUICHAGUA GARI KUUKUU KWA FEDHA KIDOGO



Somo letu la mara hii si la miche wala la kuanika. Ni la gari. Tumeona yafaa tuliandike sasa, kabla ya mavuno, kwa sababu kila msimu mzuri unapokwisha baadhi yetu hutoka kituo cha kununulia karafuu na fedha mkononi, na kabla ya mwezi kupita fedha ile imekwisha kuwa gari. Kabla ya mwaka kupita, gari ile imekaa chini ya mwembe, haina tairi, kuku wanatagia ndani yake. Hatusemi gari ni kitu kibaya. Mwenye shamba mbali na barabara ajua faida yake: karafuu mbichi iliyochumwa leo yataka ifike uwanjani leo, maana ikilala ndani ya gunia hupata moto, ikageuka rangi, na daraja lake likashuka. Tunalosema ni kwamba gari kuukuu hununuliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa muuzaji na mara ya pili kwa fundi. Mwenye kuweka fedha ya mara ya kwanza tu, ile ya pili ataitafuta kwa mkopo.

Na sisi wenye karafuu tuna jambo letu ambalo karani mwenye mshahara wa kila mwezi hanalo. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha ukatoa kidogo miaka miwili au mitatu. Gari haina habari hiyo. Tairi zake huisha vile vile na betri hufa vile vile. Yuko mwenzetu mmoja, jina lake hatulitaji, aliyenunua gari ya kung'aa kwa fedha yake yote ya msimu. Giaboksi ilipokufa, mwaka wa pili, miti haikuwa na kitu. Akauza karafuu ya msimu uliofuata ingali juu ya mti, kwa bei ambayo hata aliyeinunua aliona haya kuitaja. Wazee wetu wanajua mambo haya huishia wapi. Madeni ya namna hiyo ndiyo yaliyoyaweka rehani mashamba mengi ya visiwa hivi zamani, hata serikali ya wakati ule ikatoa sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isizidi kupita mikononi mwa wakopeshaji.

Basi, kabla ya kutazama gari yo yote, gawanya fedha uliyoikusudia mafungu matatu. Mawili ndiyo ya kununulia gari na kuifikisha nyumbani. La tatu usiliguse, ni la fundi. Na katika yale mawili kumbuka kwamba bei ya bandarini si bei ya njiani: pana ushuru, uandikishaji, bima, na nauli ya kuivusha ikiwa umenunua Unguja na shamba lako liko Pemba. Gari uitakayo ikiwa haipatikani kwa mafungu mawili, tafuta iliyo ndogo zaidi au yenye miaka mingi zaidi lakini imetunzwa. Katika kazi yetu ya ofisi hatujapata kumwona aliyelia kwa kununua gari ndogo.

Sasa gari ipi? Watu hubishana barazani juu ya gari iliyo bora duniani, na mabishano hayo hayana mwisho. Sisi twauliza jambo moja tu: fundi aliye karibu nawe ameifungua injini ya namna hiyo mara ngapi, na spea zake zapatikana Chake Chake, Wete au Mjini bila ya kuagizwa ng'ambo? Kwa sababu hiyo karibu sote tumo katika gari za Japani. Huko huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao hutaka gari ndogo mpya ipelekwe kukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri wauze wanunue mpya. Ndiyo maana gari zingali na nguvu zatufikia sisi. Lakini usidhani kila kilichotoka huko ni kizuri; zile zilizogongwa na zile zilizofikwa na mafuriko nazo hupakiwa meli.

Wengi mtataka gari moja ifanye kazi mbili, ibebe magunia siku za msimu na ibebe watu siku za sikukuu. Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, haina uzuri wa kutazama, lakini ilifanywa kwa kazi, na nyuma ina nafasi. Zile ndogo kama Vitz na IST ni za watu; ukizijaza makonyo kila siku shokapu zake zitakwambia. Gari ya mizigo ndogo kama Suzuki Carry, ile iitwayo kirikuu, ni rahisi kuitunza na hupenya njia za shamba. Injini yake haizidi sisi 660, na mzigo wake kwa sheria ya kwao ni kilo 350. Kilo 350 ni kiasi cha frasila 22 za karafuu kavu. Tunaziona zikipita na mara mbili ya hiyo, na vijana wanne juu ya magunia. Ukinunua gari iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kwa miaka mitano, umenunua mgongo uliovunjika. Muulize muuzaji ilikuwa ikibeba nini, kisha waulize na majirani zake.

Katika injini pana jambo moja ambalo wengi hawaliulizi, nalo ni la taimingi. Injini nyingine hutumia mkanda wa mpira, nyingine cheni ya chuma. Mkanda hubadilishwa, kwa kawaida kila kilomita 100,000. Ukikatika gari husimama pale pale, na katika injini nyingine vali hugongana na pistoni, na hapo fungu lako la tatu lote limekwenda. Corolla za zamani zenye injini ya 5A zina mkanda. Probox na IST zenye injini ya 1NZ zina cheni. Carry za zamani zenye F6A zina mkanda, na za baadaye zenye K6A zina cheni. Herufi hizo zimeandikwa kwenye injini yenyewe. Mwambie fundi akuoneshe. Gari ya mkanda usiikatae kwa hilo, ila ikiwa muuzaji hawezi kukwambia mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, na gharama yake uitoe katika bei. Cheni nayo si ya milele. Uhai wake ni oili safi, na mwenye gari aliyekuwa akiongeza oili tu bila kuimwaga ya zamani ameimaliza. Injini ikiwaka baridi nayo ikatoa sauti kama ya mnyororo unaoburutwa sakafuni, na sauti hiyo isikome upesi, iache.

Tuje kwenye kutu, nasi tutakaa hapa kidogo, kwa kuwa injini yaweza kubadilishwa lakini gari iliyoliwa na kutu haina dawa. Sisi twaishi katikati ya bahari. Na tena Japani, katika mikoa yenye theluji, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, hivyo gari huweza kuja na kutu yake kabla haijaionja ya kwetu. Ikifika hapa ikapewa kazi ya kubeba mwani, samaki au mchanga wa pwani, miaka mitatu yatosha. Rangi ya juu haikwambii kitu. Siku hizi rangi mpya hupigwa kwa siku moja. Lala chini. Chukua jamvi, ulale chali, utazame chini ya gari kwa kurunzi, na usione haya mbele ya dalali. Tazama fremu, mahali zinaposhikwa springi na shokapu, na mabomba ya breki. Gonga kwa kipini cha bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa maji, au bisibisi huingia ndani. Ukiona chini pamepakwa rangi nyeusi mbichi huku kwingine kote pana vumbi, uliza pamefichwa nini. Kisha chukua sumaku ndogo, uifunge kitambaa isikwaruze, upite nayo kwenye milango na chini ya madirisha. Itakapoacha kushika, pale hapana bati. Pana dawa ya kuzibia mashimo.

Wakati uo huo vuta mikanda ya viti mpaka mwisho wake na uinue zulia la chini. Tope kavu kwenye mkanda, au kutu kwenye miguu ya viti, ni alama ya mafuriko. Gari ya namna hiyo hata ikiwaka vizuri leo, nyaya zake za umeme zitakusumbua mpaka uichukie.

Kutazama injini, nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya bonneti. Ikiwa moto, kwa adabu kabisa mwambie utarudi kesho, maana injini mbovu hufichwa kwa kupashwa. Ingali baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yasiwe na mafuta juu yake. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa imegeuka rangi ya tui, maji yameingia ndani ya oili, nawe funga bonneti uage. Kisha iwashwe, na mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi mweusi katika gari ya petroli ni mafuta yanayozidi, na hilo aghalabu hutengenezeka.

Gari ya otomatiki ndiyo yataka hadhari kubwa, kwa kuwa giaboksi yake ndiyo inayomaliza fedha za watu wengi kuliko kitu kingine cho chote. Kwa gari zenye kijiti chake, tazama mafuta ya giaboksi: katika Toyota nyingi za miaka hiyo ni mekundu yakiwa mazima, yakiwa ya hudhurungi na kunuka kama kitu kilichoungua, jihadhari. Ukiwa umesimama na breki imekanyagwa, weka gia ya mbele, kisha ya nyuma. Gari yapasa ishike mara moja bila kugonga. Ikikawia kama mtu anayefikiri, basi. Halafu pakia watu wanne uipandishe mlima. Pemba hatuna shida ya vilima. Gari isiyoweza kupanda asubuhi na watu wanne haitapanda jioni na magunia.

Mita ya kilomita usiiamini sana, hata ya tarakimu za umeme. Yote hurudishwa nyuma. Amini pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma kikaonekana haikukanyagwa kilomita 60,000. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyolika upande mmoja tu yaonesha miguu ya gari imepinda. Ikiwa gari imeingia karibuni na muuzaji anayo karatasi ya mnada ya Japani, mwombe aioneshe. Herufi R katika nafasi ya daraja ni dalili kwamba gari ilipata ajali ikatengenezwa. Si lazima uikatae, lakini bei isiwe ya gari nzima.

Fundi wa kwenda naye umlipe wewe, siku hiyo hiyo, hata kama gari hukuinunua. Asiwe fundi wa muuzaji, wala asiwe na ahadi ya kupata chochote gari ikiuzwa. Na juu ya dalali hatuna ubaya naye, ni mtu wa kazi yake; ila ujira wake hutoka gari inapouzwa, si inapodumu.

Mkisha patana, kabla fedha haijatoka mkononi, tazama namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na uilinganishe na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Kama si lake, aje mwenyewe. Gari yenye namba za bara yataka uulize kwanza katika ofisi inayosajili gari kama inadaiwa ushuru huku, nawe uulize mwenyewe, usitosheke na maneno ya muuzaji. Sote tuliosoma chuoni twajua kwamba deni huandikwa na watu wawili wakashuhudia, na muuzaji mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake yampasa aiseme. Basi mwandikiane, pamoja na aibu alizozitaja, mbele ya mashahidi, na kama unalipa kwa mafungu tarehe za kulipa ziwemo. Tarehe hizo zisiwe za kutegemea mavuno ambayo hujayaona.

Gari ikifika nyumbani, katika wiki ya kwanza mwaga oili yote utie mpya na chujio jipya, maji ya rejeta vile vile, breki zifunguliwe zitazamwe, na mkanda ubadilishwe ikiwa ni ya mkanda. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fungu la tatu. Kitakachobaki kirudishe benki. Baada ya hapo, kila ikitoka pwani au ikivuka maji ya chumvi, ioshwe chini kwa maji matamu.

Mwanachama anayetaka kwenda kutazama gari naye hana fundi anayemwamini, apite ofisini kwetu siku za kazi kabla ya adhuhuri. Tutamtajia mafundi wawili watatu ambao wenzake wamekwisha kuwatumia, na sumaku imo katika mtoto wa meza, airudishe tu.