Ukijigonga, anza na baridi

Umeteleza kwenye mawe ukitoka kuteka maji hapa Kinampanda. Au bodaboda imekulalia mguu kwenye barabara ya Kiomboi. Au mtoto amejigonga kwenye fremu ya mlango na nundu imetokeza papo hapo. Kabla hujabandika maji jikoni, subiri.

Kosa linalorudiwa nyumba nyingi ni kukanda kwa maji ya moto siku ileile. Joto linatanua mishipa midogo iliyopasuka, damu inazidi kuvujia chini ya ngozi, na uvimbe unakua. Siku mbili za kwanza ni za baridi. Moto una zamu yake.

Huna friji? Mtungi unatosha. Uweke kivulini, mahali upepo unapopita. Kiangazi cha Iramba ni kikavu, na hewa kavu ndiyo inayoupoza mtungi vizuri. Chovya kipande cha kanga kuukuu kwenye maji uliyochota, kikamue kidogo, weka palipoumia. Kikishika joto, chovya tena. Endelea kwa dakika 10 hadi 15, kisha pumzika. Rudia baada ya saa mbili au tatu.

Ukipata barafu dukani, ifunge kwenye kitambaa kwanza, maana ikikaa juu ya ngozi tupu inaiunguza. Na usiing'ang'anie kutwa nzima. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza matumizi ya barafu kwa wanamichezo mwaka 1978, alirudi mwaka 2014 akasema barafu nyingi inaweza kuchelewesha kupona. Itumie kutuliza maumivu ya mwanzo, basi.

Ukiumia mkono, vua pete na bangili sasa hivi. Uvimbe ukishapanda hazitoki, na pete inayobana inaweza kukatia kidole damu.

Mguu uliovimba uinue juu kuliko kifua. Lala chali, weka mto au magunia mawili yaliyokunjwa chini ya kisigino. Kukaa kwenye kiti huku mguu unaning'inia si kupumzika.

Kifundo kilichoteguka kifunge kwa bandeji inayovutika, ukianzia karibu na vidole na kupanda juu. Isibane sana. Vidole vikifa ganzi au vikiwa vya baridi, fungua ufunge upya. Usiku itoe.

Hapa kuna mambo ya kuacha kabisa. Usichue uvimbe mbichi, hata kama bibi mwenye mikono mizuri yuko jirani. Mwite siku ya tatu. Usichanje wala kutoboa ili damu itoke, maana utafungulia vijidudu mlango. Nundu ya mtoto usiikandamize kwa kijiko ukitaka irudi ndani. Mafuta ya taa na dawa ya meno havitibu uvimbe. Pombe nayo iache siku hizo, maana inazidisha uvimbe na kukuficha maumivu unayotakiwa kuyasikia.

Ngozi ikichubuka, ioshe kwanza kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Kama jeraha lina udongo au samadi, nenda zahanati ukaulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Maumivu yakizidi, parasetamoli inatosha. Mtu mzima anameza vidonge viwili vya miligramu 500, anasubiri angalau saa sita, na havuki vidonge vinane kwa saa 24. Mtoto apewe kwa uzito wake, muulize muuza dawa. Aspirini usimpe mtoto. Diklofenaki na ibuprofeni si za kumeza hovyo, hasa ukiwa mjamzito au una vidonda vya tumbo.

Kwenye ngozi nyeusi damu iliyovilia haionekani upesi. Tumia kiganja: linganisha upande ulioumia na ule mzima. Palipo na joto, ugumu au maumivu ukibonyeza, ndipo penye kazi.

Siku ya tatu, joto la uvimbe likishatulia, sasa bandika maji. Kitambaa cha uvuguvugu, dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Anza pia kuchezesha kiungo taratibu. Mguu uliolazwa wiki nzima unakakamaa, kwa hiyo tembea hatua chache kila siku, ukiacha pale maumivu yanapokuzuia. Alama ya damu kuvilia huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi.

Si kila uvimbe ni wa nyumbani. Ukishindwa kutembea hatua nne, kiungo kikipinda, au vidole vikikosa hisia, huenda mfupa umevunjika. Usiuvute wala kuunyoosha. Ufunge pamoja na kipande cha ubao kama ulivyo, uende ukapigwe picha.

Kichwa ndicho kinachodai umakini wote. Aliyejigonga kichwa asiachwe peke yake kwa saa 24. Akipoteza fahamu hata kidogo, akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, akichanganyikiwa, mboni za macho zikitofautiana, au akitoka maji au damu masikioni, si wa kukandwa tena. Mzee, na yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama anasema yuko salama. Dalili hizo zikitokea usiku, usingoje kuche. Tafuta usafiri, umfikishe hospitali ya wilaya Kiomboi usiku huohuo.